Namba Inahama, Mfuko Unabaki

Tangu tarehe 1 Machi 2017 mwenye simu hapa Tanzania ana haki ya kuhama kampuni bila kubadili namba. Utaratibu uliowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ni mwepesi: unakwenda na kitambulisho kwa wakala wa kampuni unayohamia, unatuma neno HAMA kwenda 15080, unapewa laini mpya na namba ya zamani inaendelea kuita. Ukishahama unakaa siku 30 kabla ya kuhama tena. Kwenye karatasi soko huria limekamilika. Hata hivyo mfanyabiashara wa Kariakoo bado anatembea na simu mbili au tatu mfukoni, na kuhama hahami.

Sababu haiko kwenye namba. Sheria ilitungwa kana kwamba simu ni ya kupiga na kupokea, wakati kwa mfanyabiashara simu siku hizi ni sanduku la fedha. Chukua mfano wa muuza nafaka wa Tandale anayenunua mahindi Kibaigwa. Namba yake imeandikwa ubaoni, kwenye daftari la dereva wa lori na kwenye simu za wateja wote. Hiyo ataihamisha bila taabu. Lakini akiba iliyomo kwenye M-Pesa haiendi nayo Airtel Money, bali sharti aitoe kwanza. Namba ya kulipia aliyobandika dukani ni ya kampuni anayoiacha. Akiwa na deni la mkopo wa simu, deni linabaki pale pale likimsubiri.

Na hapo kwenye mkopo ndipo penye uzito. Kampuni ya simu inakukopesha kwa kuangalia mwenendo wako: kiasi unachoingiza, kiasi unachotoa, na kama ulirejesha kwa wakati. Mtu aliyejenga jina kwa miaka kadhaa hadi akaaminiwa mtaji wa siku mbili tatu, akihama anaanza upya kama kijana aliyenunua laini jana. Rekodi hiyo ameijenga mwenyewe kwa jasho lake, ila imefungiwa kabatini kwa mwingine. Kwa maoni yangu huo ndio ufunguo wa mlango mzima, na TCRA peke yake haiushiki, kwa kuwa mambo ya fedha za simu yako chini ya Benki Kuu.

Wenzetu wa Kenya walitangulia tarehe 1 Aprili 2011 na matokeo tuliyaona. M-Pesa, iliyoanza huko mwaka 2007, haikuhama na namba. Msisimko wa mwanzo ulipopita, idadi ya wanaohama ikadorora. Sisi tulikuwa na miaka karibu sita ya kujifunza kabla ya kuanza.

Kuna kero nyingine, ndogo lakini ya gharama. Wengi wetu tunaitambua kampuni kwa tarakimu za mwanzo: 0754 ni Voda, 0713 ni Tigo (ambayo tangu 2024 inaitwa Yas), 0784 ni Airtel. Mwenye 0754 hata huonekana mkongwe wa biashara. Namba ikihama, tarakimu hizo zinadanganya. Anayekutumia fedha anachagua kampuni kwa mazoea, muamala unakwama, na mzigo unachelewa kupakiwa. Ujumbe wa benki wenye namba ya siri nao huweza kupotea pale ambapo anayeutuma anaelekeza kwa tarakimu badala ya kuuliza namba iko wapi.

Kwa upande wa mwenye hisa habari ni tofauti, na si vibaya kusema wazi. Vodacom Tanzania iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017 kwa hisa za shilingi 850, miezi michache tu baada ya milango ya kuhama kufunguliwa, na M-Pesa ni moja ya nguzo kubwa za mapato yake. Mteja asiyeweza kuondoka kirahisi ni faida kwa kampuni. Mwekezaji mdogo ambaye pia ana duka basi anakula kwa mkono mmoja na kulipa kwa mwingine.

Kutuma fedha toka kampuni moja hadi nyingine kumewezekana tangu makubaliano ya 2014, na mfumo wa TIPS wa Benki Kuu umepanua njia hiyo hadi kwenye mabenki. Kilichobaki ni kumpa mteja haki ya kuondoka na taarifa zake za miamala na za marejesho, katika muundo ambao kampuni mpya italazimika kuupokea. Benki Kuu na TCRA wakae meza moja walimalize hilo.

Hadi hapo, anayetaka kuhama alipe deni kwanza, atoe fedha zote, achukue taarifa ya miamala ya miezi sita iliyopigwa muhuri, kisha awaarifu benki na wanunuzi wake wakubwa. Achague pia siku ambayo hana mzigo njiani.