Programu ya bure, lakini inategemea zingine nyuma yake

Watu wa Koni wanajua namna umeme wa hapa unavyotoka. Turbini zinazungushwa na maji ya mto Lufira, na maji hayo yamepita kwanza Mwadingusha, kwenye mtambo wa tangu 1930. Kama huko juu maji yanakosa, huku chini kazi inapungua hata kama mashini za Koni ziko nzima. Programu za kompyuta ziko vile vile, na wengi wanaoziweka kwenye redio ao hospitali hawaambiwi.

Tuchukue LibreTime. Ni programu ya kupanga na kurusha vipindi vya redio, iliyotokana na Airtime ya Sourcefabric, na redio yoyote inaweza kuichukua bila kulipa hata franka moja. Lakini peke yake haitoi sauti. Liquidsoap ndiyo inaunganisha nyimbo na vipindi, Icecast inavipeleka kwa wasikilizaji wa intaneti, PostgreSQL inatunza orodha, RabbitMQ inapitisha ujumbe kati ya sehemu hizo. Kila moja iko na wenyewe, mbali na wale wa LibreTime. Vipande vya namna hiyo tuviite vitegemezi.

Sasa angalia siku ya kuiweka. Fundi anaandika amri moja, mashini inaanza kutafuta vitegemezi kwenye intaneti, kimoja kinaita kingine. Penye intaneti ya nguvu ni dakika chache. Kwetu forfe ya mega inaisha katikati, ao umeme unakatika, na programu inabaki nusu: haiendi mbele, hairudi nyuma. Tena programu mbili kwenye kompyuta moja zinaweza kuomba kitegemezi kimoja, kila moja na toleo lake. Fundi anapandisha toleo juu ya ile mpya, kesho yake ile ya zamani haifunguki.

Wengine wanasema: basi tufunge vyote ndani ya pakiti moja, kwenye disiki, tusiguse tena intaneti. Kwa bei ya mega, hiyo ni akili. Lakini kuna hatari yake. Desemba 2021 lilitangazwa tundu kubwa la usalama ndani ya Log4j, kipande kidogo cha Java ambacho kazi yake ni kuandika tu yale programu inayafanya. Mtu wa mbali aliweza kupitia humo na kuendesha kompyuta ya mwenzake. DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo ambayo Wizara ya Afya ya inchi yetu inatumia kukusanya hesabu za wagonjwa kutoka zoni za afya, ilikuwa inatumia Log4j, na watengenezaji wake walitoa matoleo mapya ya kuziba. Mwenye kufuata matoleo aliziba. Mwenye kufunga pakiti yake na kuisahau alibaki na tundu, pengine bila hata kujua kama Log4j iko humo.

Debian imechagua njia ingine tangu zamani: kitegemezi kiwe kimoja kwa programu zote za kompyuta, kikizibwa mara moja zote zinapona. Ubaya wake, matoleo yake mara nyingi si ya mwisho, na vijana hawapendi hiyo. Mimi naona kwa redio ao kituo cha afya programu ya mwaka juzi inayotembea ni bora kuliko ya leo inayosimama.

Vile ambavyo Debian haina, vishushwe mara moja pale intaneti iko nzuri, Likasi mjini ao Lubumbashi, na kuwekwa kwenye disiki. Pip, chombo cha Python, inakubali kushusha pakiti leo na kuziweka baadaye bila intaneti. Vijaribiwe kwanza kwenye kompyuta ya pembeni, si ile inayorusha matangazo. Na pamoja na disiki kuwe orodha: jina la kila kitegemezi, toleo lake, siku kiliposhushwa. Bila orodha hiyo, siku tundu lingine likitangazwa, hakuna mtu atakayejua kujibu kama liko kwetu.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, mumuombe disiki na orodha. Wengi wanaacha paka neno la siri kwenye kikaratasi na kuenda.