Kuni Zilizobaki Msituni ni Mali ya Nani?

Wahenga walinena ya kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Methali hii husikika sana katika mikutano ya harambee, watu wanapohimizwa kushirikiana. Mimi leo ningependa kuichukua kwa maana yake ya asili, yaani maana ya jikoni. Ukuni mmoja hauwaki. Ili chungu kichemke lazima kuni zikutane, na ili zikutane lazima mtu akazikate mahali fulani. Basi mtu huyo akiombwa asikate, atapikia nini? Na faida ya ukuni aliouacha msituni itakwenda kwa nani?

Maswali hayo si ya wataalamu peke yao. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zikitegemea kuni kwa mapishi. Kwa hiyo kila anayesimama jukwaani na kutuhimiza tuhifadhi nishati na mazingira, ajue kwamba anazungumza kwanza na akina mama, na kwamba maneno yake yanaingia moja kwa moja katika sufuria zao.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mahubiri ya namna hiyo aghalabu hutolewa kana kwamba mwananchi wa kawaida hajui kuweka akiba ya moto. Hakika mama zetu hawakungoja semina. Maharagwe yalilowekwa usiku kucha ili yaive upesi. Kinga lililobaki lilizimwa kwa mchanga, likawekwa kando lije kutumika kesho. Kaa la moto lilifunikwa jivuni hadi alfajiri. Pwani hadi leo hakitupwi kifuu wala makumbi ya nazi, kwa maana vyote huota moto. Mtu wa hali ya chini huweka akiba kwa sababu hana budi. Hajakosa elimu, anachokosa ni njia nyingine ya kupata moto, na malipo kwa kile anachokiacha.

Ushahidi wa maneno haya tunao katika jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo dunia ilikuwa imeshtushwa na bei ya mafuta, na mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati mpya hapa Nairobi. Jiko hilo lilichukua maarifa ya majiko ya Thailand, likaundwa upya na mafundi wa jua kali kwa bati na udongo wa kwetu. Ule udongo huzuia joto lisitoroke, hata matumizi ya makaa yakapungua kwa theluthi moja au zaidi, yakilinganishwa na jiko la bati tupu. Kwa nini lilikubaliwa upesi namna ile? Si kwa sababu ya hotuba. Lilikubaliwa kwa sababu mama aliendelea kupika ugali wake kama kawaida, na aliyenunua makaa kwa mkebe aliona kwa macho yake kwamba mkebe mmoja sasa unamfikisha mbali zaidi. Akiba ilirudi mkononi mwa yule yule aliyeifanya.

Sasa, ndugu msomaji, tuondoke mijini tushuke hadi Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Huko kuna kikundi cha wananchi ambacho kimelifikisha jambo hili la akiba mbali kuliko wengi wetu tulivyotarajia.

Mti wa mkoko ni sehemu ya utamaduni wa mwambao wote. Wafanyabiashara wameupanga kwa majina kulingana na unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti iliyobeba dari. Majahazi yalipakia miti hiyo hadi Arabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Zaidi ya hayo, mkoko ni kuni nzuri mno: huwaka kwa joto kali na hukaa. Sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ya Gazi ilifyekwa kwa wingi iwe kuni za viwanda. Mahali pengine pakabaki tope tupu ambalo halikuota tena lenyewe, hata watafiti wa bahari walipoanza kupanda miche pamoja na wanakijiji mwaka 1991.

Kutokana na kazi hiyo, vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mwaka 2013 mradi uitwao Mikoko Pamoja. Msitu ni wa serikali, lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilikuwa imewaruhusu wananchi wanaoishi karibu na misitu kuunda vyama na kushiriki katika kuisimamia. Wakakabidhiwa ulinzi wa hekta 117.

Biashara yenyewe ni ya ajabu kidogo, nayo yafaa ielezwe taratibu. Mkoko hufyonza hewa ya kaboni, ile ile itokayo katika mioshi ya magari na viwanda na kuzidisha joto duniani. Kaboni hiyo huzikwa topeni. Kwa kuwa tope la mikokoni halipitishi hewa, mizizi na majani yaliyokufa huoza polepole mno, na kaboni hukaa humo kwa karne nyingi. Mti ukikatwa na tope likafukuliwa, hewa hiyo hutoka tena. Basi hesabu hufanywa ya kiasi kilichozuiliwa au kufyonzwa, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, nayo hukaguliwa kwa kanuni za Plan Vivo. Ndipo hati zake huuzwa ng'ambo, kwa msaada wa shirika la hisani lililoko Scotland, kwa watu na makampuni yanayotaka kufidia moshi wao.

Fedha zilizopatikana miaka ya mwanzo hazikuwa mlima. Zilikuwa dola elfu kumi na kitu kwa mwaka. Zingegawanywa kwa kila kichwa, hakuna ambaye angepata bei ya gunia moja la makaa. Wanakijiji walifanya busara: wakakaa vikao, wakakubaliana matumizi ya pamoja, na fedha zikaingia katika maji ya bomba na shule. Mama anayechota maji karibu na nyumbani haelezwi tena kwa maneno kwamba msitu una faida. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliutunukia mradi huo tuzo ya Equator Prize, na baadaye vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, vikafuata nyayo kwa msitu mkubwa zaidi.

Hadi hapo ni sifa, na sifa hizo ni za haki. Lakini mchambuzi asiyeuliza maswali ni sawa na mpishi asiyeonja. Maji ya bomba hunywewa na wote, ilhali hasara ya kuacha kukata haiwaangukii wote. Humwangukia mkata miti aliyekuwa akilisha watoto wake kwa boriti, na mama aliyekuwa akiokota kuni mikokoni. Mwenye duka hakupoteza kitu, naye pia anachota maji. Hapa ndipo vikundi vingi vya mazingira vinapojikwaa: vinahesabu faida ya kijiji kizima na kusahau kuhesabu ni nani aliyelipa.

Gazi hawakulisahau jambo hilo kabisa. Mradi ulipanda mivinje, mti unaokua upesi, ili nguzo na kuni zipatikane nchi kavu. Akina mama nao wana njia yao ya mbao inayopita juu ya tope la mikokoni, na wageni hulipa kuitembelea. Kwa maoni yangu, mivinje hiyo ina uzito sawa na zile hati zinazouzwa ng'ambo. Mkono mtupu haulambwi. Ukimwambia mtu aache kuni hizi, mwonyeshe kuni zile. La sivyo atarudi mikokoni usiku, na mlinzi wenu atakuwa jirani anayemwonea haya kumkamata.

Jambo hili sasa si la Kwale peke yake. Biashara ya kaboni imeenea nchini, kuanzia mashamba na malisho hadi majiko ya kupikia. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, ikaweka kwamba miradi inayohusu ardhi iwape wananchi wa mahali hapo angalau asilimia 40 ya mapato, na isiyohusu ardhi angalau asilimia 25. Ni hatua njema. Hata hivyo asilimia ni neno tamu ambalo laweza kumlaza mtu usingizi. Asilimia arobaini ya nini? Ya fedha zote zilizoingia, ama ya zile zilizobaki baada ya gharama? Na gharama hizo zimeandikwa na nani? Baraza ambalo halijauliza hayo kabla ya kutia sahihi litakuja kuyauliza likiwa limechelewa.

Nawasihi viongozi wa vikundi vyetu, iwe ni vya majiko, vya miche au vya taa za jua, kabla ya kuwaita watu mkutanoni wajibu mambo matatu. Aliyeombwa kuacha atatumia nini badala yake? Faida itarudi kwake kwa njia gani ambayo ataiona kwa macho? Na daftari la hesabu linawekwa wapi, ili hata bibi asiyejua kusoma aweze kusomewa na mjukuu wake? Kikundi chenye majibu hayo hakitahitaji mahubiri marefu. Kisicho nayo kitapiga picha, kitapanda miche siku ya sherehe, na mvua ijayo itaikuta miche hiyo imeliwa na mbuzi.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, naam. Lakini mwenye kutoa kinga lake naye ana haki ya kuota moto.