Ujuzi Hauihalalishi Kamari



Tangu karata za poka ziingie katika simu za mkononi, hoja moja imekuwa ikisikika majumbani: kwamba poka si kamari, kwa kuwa mshindi hushinda kwa ujuzi wala si kwa bahati. Hoja hii yafaa ijibiwe kwa hesabu yake yenyewe.

Tuchukue poka ya dau lenye kiwango maalumu, ichezwayo na watu wachache. Hapo zamu ya kuweka dau la lazima humrudia mchezaji upesi, hata asiweze kukaa akingojea karata nzuri. Hulazimika kucheza karata za wastani, kama vile jozi ndogo, ambazo si za kutupa wala si za kutumainia. Mezani pakiwa na madau sita, naye atakiwa kuongeza moja ili aone karata za mwenzake, hesabu humruhusu kulipa hata akitaraji kushinda mara moja tu katika saba. Huo ndio ujuzi wenyewe: kulipa ukijua kwamba huenda ukashindwa. Hodari hujua wakati wa kuacha. Kijana wetu hujifunza kulipa tu.

Januari 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walitangaza programu iitwayo Cepheus, iliyofikia karibu na ukamilifu katika poka hiyo ya watu wawili, baada ya kompyuta nyingi kufanya kazi kwa siku 68. Lakini ukamilifu huo haukuzalisha hata senti moja. Akipatacho mmoja ndicho kilichomtoka mwenzake. Na wakikutana wawili walio sawa, huku mwenye meza akikata sehemu yake, mwisho wote wawili hupata hasara.

Waarabu wa Jahiliya walipiga kura kwa mishale juu ya mafungu ya nyama ya ngamia, na wapo waliowapa maskini nyama hiyo. Suratul Baqara, aya ya 219, haikukana manufaa ya kamari, bali imebainisha kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Nayo Suratul Maida, aya ya 90 na 91, imeikataza pamoja na ulevi, ikitaja uadui, chuki na kuzuiliwa na swala. Hodari hakutolewa katika hukumu hiyo.

Enyi wazazi, mtoto akisema ameshinda kwa ujuzi, muulizeni: fedha hiyo imetoka mfukoni mwa nani, na watoto wa huyo wamelala wamekula nini?

Wabillahi tawfiq.