Utunzaji wa Motokaa: Hita Inapopoa, Tazama Maji

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti ukungu wa Limuru, Kinangop na Molo hushuka mpaka barabarani, na asubuhi kioo cha mbele cha motokaa hutoka jasho kwa ndani hata dereva asimwone ng'ombe aliye mbele yake hatua ishirini. Wakati huo ndipo mwenye gari kuukuu akumbukapo kwamba gari lake lina hita. Naye akiifungua hupata uvuguvugu tu. Wengi hukata shauri kwamba hita ni anasa, wakavaa koti, wakapangusa kioo kwa kitambaa na kuendelea na safari. Hilo ni kosa, maana hita haina moto wake yenyewe. Joto lake ni joto la injini, nalo huletwa na maji yale yale yapoozayo injini. Hita ikipoa, huenda maji yana shida.

Mfano ni wa mkulima mmoja wa Molo, mwenye pikapu ya mwaka 1983 aliyoitumia kupeleka viazi Eldoret. Hita yake ilikuwa baridi wiki nzima. Kwa kuwa kipimo cha joto la injini kilionyesha kuwa yote ni salama, hakufungua boneti. Katika kupanda Timboroa, mahali palipo juu ya bahari kwa mita zaidi ya 2,700, gari lilitoa mvuke likazima. Kichwa cha injini kilikuwa kimepinda, na fedha za mavuno zikaenda kwa fundi. Chanzo kilikuwa mpira mmoja wa maji uliokuwa ukivuja tone moja moja. Maji yalipopungua, hewa iliingia katika hita, ambayo katika magari mengi hukaa juu; nacho kipimo kilidanganya kwa sababu ncha yake haikuwa tena ndani ya maji, bali ndani ya hewa.

Tena yafaa kujua kwamba kule Timboroa maji yaliyo wazi huchemka yafikapo digrii 91 hivi, wala si 100 kama Mombasa. Kifuniko cha rejeta huyabana maji ili yasichemke upesi. Kifuniko ambacho mpira wake umepasuka ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini hutoa maji njiani bila dereva kujua.

Basi kabla ya kugusa kitu kingine, mwenye gari na atazame maji asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Kufungua kifuniko injini ikiwa moto ni kujiunguza uso na mikono. Yakiwa yamepungua, na atafute yanakovuja. Kisha aliegeshe gari mahali penye mwinuko, pua juu, afungue hita mpaka mwisho, awashe injini, na kuongeza maji polepole hadi mapovu yaishe. Hewa iliyonaswa hutoka kwa njia hiyo.

Kama maji yamejaa na hita ni vuguvugu bado, shaka yote iende kwenye thamostati. Huu ni mlango mdogo uzuiao maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata joto. Katika magari mengi hufunguka kati ya digrii 82 na 88. Mafundi wengi huutoa na kuutupa, wakisema kwamba nchi yetu ni ya joto. Shauri hilo si jema hata Lodwar, seuze Kinangop. Injini isiyo na mlango huo hukawia kupata joto lake, hunywa petroli nyingi, na oili yake huharibika mapema. Kuitambua si kazi: gari likiwashwa asubuhi, mpira mkubwa wa juu wa rejeta hupaswa kukaa baridi kwa dakika kadhaa, kisha uwe moto ghafula. Ukianza kupata joto kidogo kidogo tangu mwanzo, thamostati haipo, au imekwama wazi. Wakati wa kuugusa, mikono na nguo ziwe mbali na feni.

Hatimaye iko mipira miwili midogo inayoingia katika hita. Injini ikiwa na joto, yote miwili ikiwa moto sawasawa, maji hayana hatia: kosa liko kwenye feni ya hita, au waya wa kuvutia kilango cha hewa umekatika, au majani na kiota cha panya vimeziba njia. Mmoja ukiwa moto na wa pili baridi, ama koki ya hita haifunguki, ama hita yenyewe imeziba. Wanaojaza maji ya mto yenye tope, na wale wanaotia unga wa kuzibia matundu, au hata yai bichi, ndani ya rejeta, wasistaajabu. Mirija ya hita ni myembamba, nayo huziba mapema.

Kuisafisha, injini ikiwa imepoa, mipira miwili hutolewa, na maji safi hupitishwa kinyume cha mwendo wake wa kawaida kwa mpira wa bustani. Bomba lifunguliwe kidogo tu, kwa kuwa hita kuukuu hupasuka kwa nguvu ya maji. Ikiwa zulia la miguuni limelowa na ndani ya gari mna harufu tamu tamu, hita imekwisha kutoboka; kuisafisha ni kupoteza wakati.

Dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji ni bora kuliko maji matupu, maana huzuia kutu. Ile ya kale ikimwagwa ikusanywe ndani ya debe lenye kifuniko, wala isiachwe uani: ina utamu, na mbwa au mtoto akiinywa aweza kufa.