Maniema: Homa ya ini ya watoto huanza siku ya kuzaliwa

Macho ya manjano ya mtoto yanaweza kudhaniwa malaria. Lakini homa ya ini ya aina B haingoji macho kugeuka. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, karibu 9 hubaki na virusi, nayo huharibu ini polepole, miaka mingi, bila maumivu. Ni kipimo cha damu tu kinachoifichua mapema.

Chanjo ya magonjwa matano hutolewa juma la 6, la 10 na la 14. Kwa mtoto huyo, imechelewa. Shirika la Afya Duniani linaomba dozi ya kwanza ndani ya saa 24.

Kwa vijiji vya Obokote, basi, swali ni moja: je, kipimo cha mama mwenye mimba na chanjo hiyo vinapatikana pale anapozalia, au mjini tu?