Jasho la Wanyonge Lisiende na Maji

Katika pembe ya kusini magharibi ya Kisiwa cha Mafia, mahali paitwapo Ras Kisimani, palikuwa na mji wa Waswahili ambao ulistawi zama zile Kilwa ilipokuwa ikitawala biashara ya pwani yetu. Neville Chittick, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale wa Tanganyika, alichimba hapo na kuchapisha taarifa yake mwaka 1961. Tangu hapo bahari haikupumzika. Sehemu kubwa ya mji huo imekwisha kuliwa na maji, na atembeaye ufukweni maji yakishakupwa hukanyaga vigae vya vyungu na vya kaure ambavyo wimbi limevitoa ardhini bila ya kibali cha mtu yeyote.

Yawezekana kuna watakaouliza ni kwa nini ukurasa huu ushughulike na magofu wakati wananchi wanashughulika na chakula. Jibu letu ni kwamba mambo haya mawili yana uhusiano mkubwa kuliko yanavyoonekana. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini, uliozinduliwa mwaka 2012, uliweka pamoja na ruzuku utaratibu wa ajira za muda: mtu wa kaya maskini hufanya kazi ya umma katika miezi ya shida, siku zisizozidi 60 kwa mwaka, akapata ujira. Katika awamu ile ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku. Awamu iliyozinduliwa mwaka 2020 iliendelea na njia hiyo hiyo. Kwa hiyo Taifa letu limekwisha kukubali kwamba katika dhiki ni heri mtu apewe kazi yenye ujira kuliko kuachwa peke yake. Jambo ambalo halijajadiliwa vya kutosha ni hili: kazi gani?

Kwani zipo kazi na kazi. Ipo barabara ya kijiji inayochongwa mwezi wa Januari na kufutwa na masika ya Aprili, mwakani ikachongwa tena na watu wale wale. Ujira umelipwa, vitabu vya hesabu ni safi, na hakuna anayeweza kushtakiwa. Lakini hakuna kilichobaki.

Swali hili liliulizwa kwa uzito Marekani mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, ambapo karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Rais Franklin Roosevelt alishika madaraka mwezi Machi mwaka huo, na kabla mwezi haujaisha sheria ilikuwa imepita ya kuunda kikosi cha kiraia cha kuhifadhi mali ya asili. Vijana wasio na kazi waliwekwa makambini, wakalipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zikapelekwa moja kwa moja kwa wazazi wao. Hadi kikosi kilipovunjwa mwaka 1942, vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamepita humo. Walipanda miti inayokadiriwa kufika bilioni 3, wakajenga njia, madaraja, vibanda na mabwawa katika mamia ya bustani za taifa na za majimbo. Uwanja wa maonyesho wa Red Rocks, karibu na mji wa Denver, ambao vijana hao waliujenga baina ya miamba na ukafunguliwa mwaka 1941, ungali ukijaa watu hadi leo.

Tusidhani kwamba kazi hizo zilidumu kwa sababu ya wingi wa fedha. Zilidumu kwa sababu kila kambi ilikuwa na wataalamu wa misitu na wa ujenzi, na zaidi ya hao iliajiri wenyeji wa mahali pale wenye ujuzi wa miaka mingi: maseremala, waashi, watu wanaojua mti upi hukua wapi. Kijana wa mjini aliyekuwa hajawahi kushika shoka alifundishwa na mzee wa kijijini. Hapo ndipo tunapoona fundisho kwa Mafia.

Wala tusiusifu mpango huo kupita kiasi. Vijana weusi waliwekwa katika makambi yao peke yao, kwa ubaguzi ule ule uliokuwa ukitawala nchi nzima. Na huko Shenandoah, katika jimbo la Virginia, mamia ya familia za wakulima wa milimani ziliondolewa katika ardhi yao ili bustani ya taifa ipatikane. Mgeni anayepita leo katika barabara nzuri ya mlimani hapo huona msitu. Asipoambiwa, hawezi kujua kwamba chini ya miti hiyo yalikuwapo mashamba na makaburi ya watu.

Sisi nasi miaka hiyo hatukuwa nje ya dunia. Bei ya mbata iliporomoka katika masoko ya ulimwengu, na kisiwa cha minazi kama Mafia hakikuweza kukwepa kishindo hicho. Lakini serikali ya kikoloni haikuwaza kuwapa ajira walioumia, iliwaza kodi. Asiyekuwa na fedha ya kulipia kichwa au kibanda aliweza kutakiwa ailipe kwa jasho, akapelekwa kwenye barabara. Wakati mmoja, mdororo mmoja, kazi ya umma ile ile ya sururu na koleo: upande mmoja ikaitwa ajira, upande mwingine ikawa adhabu ya umaskini. Wazee wetu walirithisha kumbukumbu hiyo, na afisa anayeitisha kazi ya kijiji kwa vitisho asishangae akikuta wachache uwanjani.

Hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano wa kazi iliyofanywa vizuri. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na moja ya sababu ilikuwa bahari iliyokuwa ikila kingo. Kuta za kuzuia mawimbi zikajengwa, mikoko ikapandwa, majengo yakakarabatiwa kwa chokaa, na wanakijiji wakashiriki. Mwaka 2014 magofu hayo yakaondolewa katika orodha hiyo. Hiyo ni kazi ya miaka kumi, nayo inaonekana kwa macho.

Kwa nini basi Ras Kisimani isipewe sehemu ya nguvu kazi ya namna hiyo, ajira za muda zinapopangwa Mafia? Tunajua kwamba kazi yenyewe si rahisi, na ndiyo sababu tunataka ipangwe na watu wanaojua. Ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe hautengenezwi kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Huzuia unyevu na chumvi kutoka, mwisho jiwe likamomonyoka na saruji ikabaki imesimama peke yake. Panatakiwa chokaa, na chokaa hiyo isitokane na matumbawe hai yaliyovunjwa baharini, maana hapo tutakuwa tumeponya ukuta kwa kuua mwamba unaovunja mawimbi. Mikoko nayo ina desturi zake. Mche uliochomekwa katika mchanga unaopigwa na mawimbi hung'oka kabla ya picha ya sherehe ya upandaji haijatoka gazetini. Yafaa uwekwe penye tope na maji tulivu, na aina ya mti ilingane na kina cha maji. Ukuta wa bahari uliojengwa pasipo kupima mkondo huokoa mita hamsini na kuyasukuma maji yakale mita hamsini za jirani. Na iwapo mchanga wa pwani unachukuliwa kwa kujengea nyumba, basi kazi nyingine zote ni bure.

Mambo haya yanajulikana na mvuvi mzee wa Kisimani, ambaye hana cheti. Aajiriwe kama mwalimu wa wengine, alipwe kwa ujuzi wake, wala asiandikwe katika daftari kama kibarua wa kubeba mawe.

Kwa watumishi wa umma tunalo neno la wazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, hivyo hakuna anayeruhusiwa kugusa jiwe la Kisimani kwa nia njema tu. Mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mambo ya bahari yana idara zake, na ajira za muda zina ofisi yake. Aghalabu mradi mzuri hufia njiani baina ya meza nne, kila meza ikisubiri barua ya nyingine. Yafaa Halmashauri ya Wilaya ya Mafia iwakalishe maafisa hao katika chumba kimoja, siku moja, pamoja na serikali ya kijiji.

Serikali ya kijiji tunaitaja kwa makusudi. Mafia ndiko ilikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, mwaka 1995, yenye eneo la kilomita za mraba 822, na kisiwa kimekwisha kujifunza kwamba uhifadhi unaoanza kwa makatazo huzaa ugomvi baina ya mlinzi na mvuvi. Kisimani isizungushiwe uzio ambao utamnyima mvuvi mahali pa kupwelezea ngalawa yake. Mji ule ulikuwa wa watu wa bahari. Hakuna maana ya kuulinda dhidi ya watu wa bahari.

Na walimu je? Wao wanaweza kuanza kabla ya fungu lolote kutoka. Wanafunzi wa Mafia, wakisimamiwa na mwalimu wa jiografia, wanaweza kupigilia mambo ya mti juu ya ufuko, mbali na eneo la magofu, na kupima kwa kamba umbali kutoka hapo hadi maji yanapofika kila bamvu, tarehe ikaandikwa daftarini. Baada ya mwaka mmoja kisiwa kitakuwa na hesabu yake chenyewe ya jinsi ufuko unavyorudi nyuma, mwezi kwa mwezi. Nakala ya daftari hilo ipelekwe Kilindoni kabla halmashauri haijafunga bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai.