Maonyesho Yanayochoma Moyo

Mwaka 2009 mpiga picha Boniface Mwangi alianza kuzungusha nchini maonyesho ya Picha Mtaani. Wapita njia walikabiliwa na yale ambayo wengi walitaka kuyasahau: mapanga, nyumba zinazoungua, maiti za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ambazo Tume ya Waki ilihesabu kuwa ziliua watu 1,133. Wapo waliolia. Kisha wakaombwa waahidi kulinda amani.

Wanafunzi wa sanaa wanaofuata njia hiyo, ya kumhoji mtazamaji mlangoni na kumtia ndani ya jambo hadi akose raha, tunawaunga mkono. Lakini ndugu zetu, mnamkosesha raha nani? Mama wa Kibera hahitaji tikiti ili ajue harufu ya moshi. Mkazi wa Kawangware aliona mali ikiteketea Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio. Kumwuliza kabila lake, hata kwa mchezo, ni kumtonesha kidonda. Huyo aombwe ruhusa kwanza, tena awe mwenyeji wa maonyesho. Mlango wenu wa maswali usimamisheni karibu na Bunge, wapite hapo wale waliokuja kutuomba kura.